Malalamiko Dhidi ya Ukarimu wa Tolliver Gap

Carrollton, Texas
Mwezi Mei

Mstahiki Meya Hollis,
Halmashauri ya Mji wa Tolliver Gap,
Milimani, Colorado.

Mstahiki Meya,

YAH: UKARIMU ULIOPITA KIASI

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na mkeo na wale mbwa wenu. Sisi huku hatujambo, isipokuwa kwa haya ninayokuandikia.

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu Kiingereza changu ni cha ofisi ya bima. Kazi yangu kwa miaka mingi ni kuwajibu watu kwamba madai yao hayakukubaliwa, na Kiingereza cha namna hiyo kinafaa kukatalia tu, kulalamikia hakifai. Binti yangu Queen, ambaye ana miaka kumi na sita, ndiye atakayetafsiri. Nimemwagiza atafsiri kila neno, hata yale yanayomhusu yeye, na asipunguze ukali.

Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Mlitangaza ukweli.

Mwaka jana mke wangu Prudensia, ambaye ni nesi na likizo yake huja kama mvua ya Dodoma, alisoma mtandaoni kwamba mji wenu ni miongoni mwa miji midogo inayokaribisha wageni huko milimani. Mimi ni mtu mzima, najua tangazo ni tangazo. Hoteli ikisema iko hatua chache kutoka ufukweni, unavaa viatu vya kutembelea. Basi nikaendesha gari kutoka Texas nikiwa nimejiandaa kupuuzwa, na moyo wangu ulikuwa umetulia kabisa.

Tulipoingia tu mjini, kila dereva tuliyepishana naye akanipungia mkono. Huku kwetu, pembeni ya Dallas, dereva mwenzio akikunyooshea mkono, ama tairi lako limeishiwa upepo ama umemkosea. Nilisimama mara tatu kukagua matairi. Mara ya tatu mzee mmoja naye akasimama, akainama tukakagua pamoja, hatukuona kitu, akatualika chakula cha jioni. Mzee huyo ulikuwa wewe.

2. Niliaminiwa bila ridhaa yangu.

Siku ya pili niliingia duka la vifaa vya uvuvi kununua soksi. Mwenye duka akaniomba nimwangalizie biashara aende kula. Jina langu hakuniuliza. Nikakaa nyuma ya kaunta, nikauza ndoano, kofia na mfuko wa barafu. Mteja mmoja aliniuliza samaki wanapatikana upande gani siku hizi, nami nikamwelekeza, ilhali mto wenyewe sikuwa nimeuona. Kesho yake alirudi kunishukuru.

Mstahiki, nimeishi Carrollton miaka kumi na moja na hakuna jirani aliyewahi kuniachia hata kifurushi. Mtu aliyezoea maisha hayo hakabidhiwi duka ghafla namna hiyo. Nilirudi nyumba ya wageni ya Bi. Lorraine nimechangamka kiasi cha kumtia mke wangu wasiwasi. Alinipima joto.

3. Mlikuja.

Hili ni kubwa na litahitaji maelezo. Siku ya kuondoka watu wengi walikuja kutuaga, na Prudensia akawaambia wote, kwa adabu aliyofundishwa na mama yake, karibuni sana nyumbani Carrollton. Nami kama mwenye nyumba nikaongeza, karibuni, mje kabisa.

Jambo ambalo halmashauri yako haikulijua, na ambalo kwetu mtoto mdogo analijua, ni kwamba watu wakiagana hukaribishana nyumbani. Mwingine anajibu ahsante, tutakaribia. Hapo shughuli imekwisha, kila mtu anakwenda zake akiwa ameheshimiwa. Nimekuwa nikiwakaribisha watu hivyo tangu nikiwa kijana Moshi, watu wengi sana, na hajatokea hata mmoja. Ni kama ukinikuta nakula. Nitakwambia karibu, nawe utasema endelea tu, hata kama hujatia kitu mdomoni tangu jana.

Ninyi mkachukua anwani.

Mwezi haujaisha, siku ya Ijumaa, basi dogo la maktaba yenu likaegeshwa mbele ya nyumba yangu na wakashuka watu kumi na mmoja, wewe ukiwa dereva. Nilimwambia Prudensia kwa Kiswahili, huku nikiwatabasamia, kwamba tumekwisha. Naye akanijibu, huku akiwatabasamia vilevile, "Baba Queen, si ulisema waje kabisa?"

Mlileta nyama ya kulungu wa huko kwenu, kasha zima. Mlilala sebuleni, mkalala gereji, na wewe binafsi ulilala kwenye sofa langu umejifunika kanga ya mke wangu. Pilau mliimaliza. Kisha mkaosha vyombo. Mgeni anayeosha vyombo siku ya kwanza anamtangazia mwenye nyumba kwamba amekuja kukaa, na kweli mlikaa mpaka Jumatatu. Nilimpigia bosi wangu simu kuomba ruhusa, na nilipomweleza sababu aliniomba nirudie.

4. Mmevuruga utulivu wa mtaa.

Jumamosi asubuhi mligawana barabara yetu mkaanza kugonga milango kuwasalimu majirani, mkijitambulisha kuwa wageni wangu. Jirani wa mkono wa kulia, ambaye nilikuwa namtambua kwa gari lake, sasa najua amepasuliwa goti na inanilazimu kumjulia hali. Hilo ningeweza kulimeza.

Lakini nyumba ya tatu mkamkuta Khalfan. Khalfan ni mtu wa Tanga. Amekaa mtaa huu miaka sita na Kiswahili chake chote mdomoni, na muda wote huo tumekuwa tukikutana kwenye mapipa ya taka na kuambiana "Hi". Mlimleta kwangu mmemshika mkono, mkatuuliza kama tunafahamiana. Tangu nizaliwe sijaona aibu kama ile. Sasa anakuja kila Jumamosi kunywa chai, anataka ya tangawizi, na ana maoni kuhusu Simba na Yanga ambayo mtu mwenye akili hawezi kuyaacha yapite. Zamani Jumamosi nilikuwa nalala.

5. Queen.

Hili nimeliweka mwisho kwa sababu ndilo lililoniketisha kuandika. Queen, hapa usiruke.

Kabla yenu mimi na binti yangu tulikuwa na utaratibu. Mimi nauliza kwa Kiswahili, yeye anajibu kwa Kiingereza, neno moja, halafu mlango wa chumba chake unafungwa. Nyumba ilikuwa kimya na hakuna aliyelalamika. Mlipokuja mkamfanya mkalimani. Bi. Lorraine alitaka kujua kila kitu: hiki kinaitwaje, mama yako anaimba nini, baba yako anacheka nini. Yale ambayo mtoto hakuyajua alikuja kuniuliza mimi.

Mliondoka, maswali yakabaki. Anataka kujua babu yake alikuwa mtu wa namna gani. Anataka kujua kwa nini niliondoka Moshi, na siku ile uwanja wa ndege kama niliogopa. Mtu hajiandai kuulizwa mambo kama hayo akiwa anamenya viazi. Nilimjibu kwamba niliogopa sana. Akavuta kiti akakaa. Toka siku hiyo mlango ule haufungwi mapema, na mimi kila nikirudi kazini natembea haraka kutoka kwenye gari, jambo ambalo si la umri wangu.

Basi, baada ya kunipa mtoto, mnakuja kumchukua. Mwezi uliopita Bi. Lorraine alimpigia simu kumwalika afanye kazi kwenye nyumba ya wageni likizo nzima ya kiangazi. Queen akanijia jikoni: "Baba, naweza ku-apply hiyo job? Ni miezi miwili tu, na Bi. Lorraine amesema nita-stay kwake."

Mstahiki, mimi nina mtoto mmoja. Amebakiza mwaka mmoja wa shule, kisha ataondoka kwenda chuo kama wanavyoondoka wote. Miezi miwili kwenu ni msimu wa watalii. Kwangu ni muda mwingi katika mchache niliobakiwa nao, na nina uchungu, sitaki kuficha. Nilimjibu kwamba nitafikiria, na tangu siku hiyo nafikiria namna ya kumkatalia.

Nimejaribu sababu zote. Nilisema kuna baridi, akanionyesha kwamba itakuwa Julai. Nilisema kuna dubu, akasema dubu yupo lakini ana jina na watu wanamjua. Nilisema hatuwajui vizuri watu wale, na hapo mke wangu akaniuliza ni nani basi aliyekuwa kwenye sofa na kanga yake. Nimeishiwa, ndiyo maana naleta suala hili serikalini.

Kwa hiyo naomba halmashauri yako itekeleze yafuatayo kabla ya shule kufungwa:

(a) Madereva wote waache kupunga mkono, au wapungiane wenyewe kwa wenyewe.

(b) Mwenye duka la uvuvi afunge mlango anapokwenda kula, kama watu wengine.

(c) Bi. Lorraine amjulishe binti yangu kwamba nafasi imejaa. Kama hawezi kusema uongo, na nina hakika hawezi, basi aijaze kweli. Khalfan yuko tayari kuja.

(d) Itolewe taarifa kwa umma kwamba Tolliver Gap hamkaribishi mtu. Mkishindwa kuiandika nitawaandikia mimi, kukataa ndiyo taaluma yangu.

Naomba unisalimie mkeo, mwenye duka, yule bwana wa samaki, wote waliolala gereji, na Bi. Lorraine pia, ingawa nimemkasirikia. Khalfan anawasalimu. Prudensia anawasalimu mno na anasema karibuni tena. Maneno hayo yachukulieni kama nilivyoeleza katika namba tatu.

Mlalamikaji wenu aliyekarimiwa kupita kiasi,

Melkiori Tarimo
(Baba Queen)

N.B. Queen amemaliza kutafsiri. Alikaa na karatasi hizi mezani muda mrefu, kisha akaja nazo sebuleni na kusema mbele ya mama yake, "Baba, yaani ungesema tu utanimiss." Akaniuliza kwa nini nimemwandikia meya na yeye yuko chumba cha pili. Baba yangu hakuniambia neno kama hilo hata siku niliyopanda ndege, nami nilidhani ndivyo mambo yanavyokwenda. Basi nimemwambia. Nilichelewa kulitoa, na Prudensia ikabidi aende kuzima jiko, chakula kilikuwa kinaungua na hakuna aliyekuwa anakiangalia.

Kwa hiyo (a) hadi (d) yafuteni yote. Nafasi isijazwe. Tutamleta wenyewe Jumamosi ya kwanza baada ya shule kufungwa, tutalala siku moja, au mbili mkitushikilia, kisha tutarudi bila yeye. Mwambie Bi. Lorraine kwamba asubuhi anakula sana na jioni hali kabisa, na asimwache atoke bila sweta. Akiulizwa hali yake hujibu upesi kwamba yuko sawa. Msilikubali jibu la kwanza. Muulizeni tena.