Lalamiko la Fundi Rangi Kuhusu Wimbi Lililokataa Kugusa Mstari

Kwa Mheshimiwa Mwalimu Mkuu,

Pokea salamu zangu, wewe na walimu wote, hata yule wa Hisabati ninayemlalamikia.

Mimi ni fundi rangi, baba wa binti wa kidato cha tatu anayekaa karibu na dirisha. Alipewa swali la kufanya nyumbani: achore grafu ya y = 2 cos x + 3, kisha aonyeshe inapokata mhimili wa x. Macho yalikuwa yanamuuma siku hiyo, kwa hiyo nilimsomea swali, yeye akachora. Jibu lake lilikuwa "Hakuna". Mwalimu akampa sifuri, akaandika pembeni kwa wino mwekundu: "Zipo. Tafuta vizuri."

Sisi si watu wa kubishana na mwalimu. Tumetafuta. Yaliyotupata ni haya:

1. Karatasi iliisha kabla wimbi halijagusa mstari. Binti alinionya mapema: "Baba, haitagusa. Inashuka hadi moja, halafu inapanda tena hadi tano." Nikamwambia mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nikapiga mstari mweusi kwenye ukuta wa sebule, na juu yake wimbi la buluu, kiganja kimoja kwa kila namba. Likashuka vizuri, nami nikabana pumzi. Lilipobakiza kiganja kimoja, likageuka likapanda zake, kama mtu aliyekumbuka kwamba ameacha sufuria jikoni.

2. Kosaini haina mwisho, ila nyumba yangu inao. Nikatoka nalo mlangoni, nikafuata ukuta hadi kwa jirani yangu kinyozi. Alikubali lipite kwake mradi lisiguse kioo. Mheshimiwa, halikugusa mstari, lakini kioo liligusa. Sasa mteja akijitazama anaona buluu imempita kwenye paji la uso, na karani mmoja alinyolewa kwa kuifuata. Kinyozi hanisemeshi.

3. Mtaa umegawanyika, wengine wakisema litagusa na wengine halitagusa. Wanaosema halitagusa wanaongozwa na mama mkwe wangu, na tangu nimwoe binti yake sijawahi kumwona ana furaha kiasi hiki.

4. Binti amehamia kwa shangazi yake. Wenzake wanamwita "Kosaini", na hataki kupita kwenye barabara yenye wimbi la baba yake. Hili ndilo linaloniuma hasa. Mtoto alisema kweli tangu mwanzo, nanyi mkamfundisha asijiamini. Tulikuwa tunatafuta mahali ambapo y ni sifuri, na sifuri pekee tuliyoipata ni ile mliyotupa ninyi.

Kwa hiyo naomba, kwa unyenyekevu, mhimili wa x upandishwe kwa namba moja, nchi nzima ikiwezekana. Wimbi litaugusa kila linaposhuka. Halitaukata, najua, lakini sisi tumeshachoka. Hata kugusa tu kunatutosha. Rangi nitatoa mwenyewe. Ikishindikana, basi mwalimu aje ashike brashi tuendelee pamoja, maana mimi nimefika kwenye ukuta wa zahanati na muuguzi amenizuia. Anasema wagonjwa wake wana kizunguzungu cha kutosha.

Nisalimie mlinzi wa lango, mpishi, na wanafunzi wote, pamoja na hao wanaomtania binti yangu.

Ni mimi, ambaye bado natafuta,
Baba Kosaini (ndivyo ninavyoitwa siku hizi)

Tanbihi: Nimempa mama watoto karatasi ya swali aiambatanishe na barua hii, naye akaisoma kabla ya kuikunja. Imeandikwa y = 3 cos x + 2. Wimbi hilo nalo linaanzia tano, ila linazama hadi chini ya mstari. Lingeukata humu humu ndani, mbali kabisa na mlango. Mama watoto amekwenda kumchukua binti, ambaye atalirudia swali na kujisomea mwenyewe. Mhimili uacheni ulipo. Na kinyozi akija kuuliza, tafadhali mwambieni suala bado linachunguzwa.