Bi Winifred na Birika la Saa Kumi

Tegeni masikio, enyi mliojaliwa subira, msikie shani iliyotukia mjini Manchester mwaka wa 1951. Na ngoma zikivuma kuliko vita vyenyewe, laumuni msimulizi, maana kalamu yake ilitafuta upanga ikapata birika.

Palikuwa na kompyuta, fahali wa chuma aliyejaza ukumbi mzima, mwenye taa elfu mbili za kioo kama zile za ndani ya redio za zamani. Miaka mitatu alikuwa akimuunda Bi Winifred Tattersall, simba jike wa nyaya, mwenye sweta lililotoboka viwiko. Lakini kila alasiri, ikikaribia saa kumi, fahali hupandwa na wazimu akatoa majibu ya uongo. Wiki mbili Winifred alizigonga taa moja moja kwa kitako cha penseli, akitafuta iliyo mbovu, kumbe zote zilikuwa nzima. Na leo, saa kumi kamili, wajumbe wa serikali wanakuja. Hesabu ikikosewa, mashine inavunjwa iwe vyuma chakavu. Alitamani kulia.

Robo saa kabla, akiwa amelala chali chini ya kabati, aliufuata waya kwa macho hadi ukutani. Lo! Soketi ile ile ililisha birika la umeme la Bwana Hargreaves, mkuu wa maabara, ambaye kidole chake kilikuwa kimeshafika kwenye swichi.

"Usiwashe, bosi! Birika lako ndilo linaloinyang'anya mashine umeme!"

"Unaisingizia chai yangu, binti? Nimeinywa saa hii hii mabomu ya Wajerumani yakitudondokea. Leo nikose kwa ajili ya kikokotoo?"

"Kanywe maji ya bomba."

"Maji! Mbele ya wageni! Heri unitukanie mama."

Hapo shujaa akaruka, akaing'oa plagi ya birika, akampokonya mzee birika, akalikalia. Wajumbe wakaingia, wakamkuta juu ya kiti hicho cha enzi, wala hakunyanyuka kuwasalimu. Dakika ishirini fahali alipiga hesabu bila kukosea hata tarakimu moja.

"Mashine ibaki," akasema mkuu wa wajumbe. "Ila jamani, chai hakuna?"

Winifred alitokwa na machozi ya furaha, akazidi kulikalia birika.

Andikeni basi, enyi watunza tarikhi, kwa wino usiofutika: alasiri ile Uingereza ilikaa dakika ishirini bila chai, na haikuanguka.