Mheshimiwa Azindua Dansi ya Mabinti wa Ngungu

(Uwanja wa mpira wa shule ya Ngungu, Masisi. Papa Straton Karangwa, aliyetumwa kutoka Goma, amepanda juu ya meza ya mwalimu na mikro mkononi. Suruali yake ina matope mpaka magotini.)

Mheshimiwa Chifu wetu pamoja na jamaa yake. Waheshimiwa wachungaji na mapadri, kila mmoja kwa kadiri ya ukubwa wa kanisa lake. Waheshimiwa walimu, wauguzi, wakulima wa maharagwe, wakulima wa mihogo, na wale wanaolima vyote viwili. Waheshimiwa mulioketi kwenye viti vyenye mgongo, mulioketi kwenye benchi, na mulioketi kwenye majani kwa hiari yenu wenyewe. Itifaki yote ikiwa imezingatiwa, na ile iliyosahauliwa ijihesabu kuwa imezingatiwa: mimi, Straton Karangwa, Mratibu Mkuu wa Uratibu wa Programu Jumuishi ya Sensibilisation, yaani Uhamasishaji, kwa Njia ya Dansi, nawasalimu! (Makofi.)

Nimeondoka Goma asubuhi, nikapita Mubambiro, nikapita Sake, na kuhusu barabara niseme tu kwamba imekwisha kutengenezwa kabisa katika ngazi ya mipango, ndiyo maana pikipiki imeniangusha kwa kiasi. (Kicheko. Mtu anapiga mluzi.) Aksanti kwa huruma yenu.

Mada yetu ya leo ni nyeti, ni ya kimkakati, ni transversale, yaani inakata sekta zote: ni afya ya uzazi ya binti kijana, na hasa lile jambo ambalo, kwa mujibu wa kalenda, humfikia binti kila mwezi, na ambalo mimi kama mtumishi wa umma nitaliita tu «tukio la mara kwa mara».

(Sauti ya mwanamke: «Papa, tukio gani? La mvua?» Ni Mama Mukashema, anayefundisha mabinti kwaya kanisani. Kicheko kikubwa.)

Siyo mvua, mama. Ni jambo lenye... majimaji, ndiyo, lakini siyo mvua. Tuendelee. Utafiti wetu wa kina umeonyesha kwamba, tangu programu hii ianze, asilimia mia moja na kumi na mbili ya mabinti wa hapa wamehamasishwa.

(Mama Mukashema: «Na hao kumi na mbili banatoka wapi?»)

Walikale, mama. Omate, kule kwenye machimbo. Programu ni ya teritware mbili, Masisi na Walikale. (Makofi, na vicheko vingi kuliko makofi.) Na kwa nini dansi? Kwa sababu tumegundua, baada ya semina nyingi ambazo nilizifungua na kuzifunga mimi mwenyewe, kwamba semina inalaza watu, lakini ngoma ikilia, hata mgonjwa wa mguu anauliza: inalilia wapi? Hivyo basi, bila kupoteza muda ambao nimekwisha kuupoteza, naomba Kikundi Pilote cha Ngungu, kikundi chetu cha mfano, kilichofundishwa na Uratibu wetu kwa viwango vya kimataifa, kiingie uwanjani!

(Watu wanatazamana.)

Kikundi Pilote! (Hakuna anayeingia.) Kinavaa sare. Sare zetu zina vifungo vingi. Kikundi Pilote, tafadhali!

(Mama Mukashema anasimama: «Papa, huku hatuna kikundi kinaitwa hivyo. Lakini batoto bangu ba kwaya banajua dansi ya mambo ile unaogopa kutaja. Tulijitungia sisi benyewe, nyuma ya kanisa. Bacheze?»)

Njo hao! Hao hao! Kikundi Pilote, karibuni! (Mabinti wanaingia miguu mitupu, na ngoma moja. Makofi.)

Mabibi na mabwana, kwa wale walio nyuma wasioona, nitaeleza. Huyu wa mbele amekamata tumbo, anajikunja, linamuuma. Mwenzake anakuja, anamfunga kikwembe, kitenge chake mwenyewe, kiunoni, hamcheki, muone vizuri, hamcheki hata kidogo. Ngoma inapanda! Sasa wanafua kitambaa kwa sabuni, mabega yote yanafua, wanakamua, wanakwenda kuanika... wapi? Kwenye jua! Hadharani! Lakini dada zangu walikuwa wanavificha vitambaa vyao chini ya godoro, vinakaa vibichi, vinanuka, na kila mtu nyumbani anajifanya hajui... Haya, hiyo isiandikwe kwenye rapport. Wanaimba, sikilizeni:

«Mwezi umekuja, siko mugonjwa,
kitambaa ku jua, kalamu mu mukono!»

(Vigelegele. Ngoma inanyamaza. Binti wa mbele, mrefu, anamfuata mheshimiwa na kunyoosha mkono kuomba mikro.)

Binti, hii haiko kwenye programu. Lakini kwa kuwa programu... karibu. Sema kwa kifupi.

(Binti: «Miye ni Tuyizere, mutoto wa Papa Nizeyimana. Mwaka jana damu ilinikuta mu kalasi. Jupe ile nilivaa ikachafuka, bavulana bakacheka, nikakimbia ku nyumba. Sikurudia masomo. Bakasema: sasa umekomaa, tunakutafutia bwana. Mama Mukashema njo alinieleza: kuona mwezi haiko kuolewa. Miye bado mutoto. Ninataka kusoma.» Mwanaume mmoja anasimama katikati ya watu.)

Aksanti, binti. Aksanti sana. Hili ni suala la kifamilia, ambalo Uratibu wangu unalifuatilia kwa karibu kutoka mbali, na ambalo kamati ndogo ya kamati... Papa, wewe uliyesimama, keti, tafadhali. Kuna itifaki.

(Mwanaume aliyesimama hakai. Ni Nizeyimana, baba yake Tuyizere, kofia mkononi: «Niache niseme, Papa. Siku ile alifika analia, sikumuuliza. Mama yake akanieleza, miye nikawaza: basi, amekuwa bibi wa kuolewa. Hakuna muntu alinifundishaka ingine. Kuna familia moja ng'ambo ya mulima tulianza kuzungumza nayo. Kesho nitapanda kule, nitabaambia hapana. Tuyizere, siku ya lundi, juma ikianza, unarudia masomo. Na mwenye atakucheka, anitafute miye.»)

(Vigelegele, filimbi, kofia juu. Tuyizere anajifunika uso kwa mikono. Baba yake anaingia kati ya mabinti na kuanza kucheza, vibaya sana.)

Mumeona! Mumeona impact! Andikeni: athari ya papo hapo! Papa Nizeyimana, mguu wa kushoto kwanza, siyo huo, wa kushoto! Ndugu zangu, nami nitasema, niko mtu mzima: kuona mwezi! Nimelitaja! Damu ya mwezi! (Shangwe.) Hakuna aliyekufa! Mama Mukashema, usinivute, nina mikro, nina suruali yenye... haya, haya, nakuja!

(Mheshimiwa anashuka mezani. Kwa muda haisikiki hotuba, ila ngoma, na pumzi yake kwenye mikro.)

Nimerudi. Nihitimishe... ngoja nipumue. Rudieni baada yangu! Mwezi si aibu! (Uwanja: «Si aibu!») Mwezi siyo ndoa! (Uwanja, kwa nguvu zaidi: «Siyo ndoa!») Uratibu juu! (Anajibu motard wake, dereva wa pikipiki, peke yake.)

Mwisho kabisa, nawashukuru wafadhili wetu, ambao bado hatujawapata. Wataalamu wetu, ambao bado hatujawaajiri. Kikundi Pilote cha Omate, ambacho nami ningefurahi siku moja kukutana nacho. Na kipekee ninyi mabinti wa Ngungu, kwa kutekeleza kikamilifu shughuli zote za programu ambayo, kwa mujibu wa utaratibu, tutaanza kuibuni mimi nikifika Goma. Aksanti sana. Na sasa, kabla giza halijanikuta njiani, Mama Mukashema, ile hatua ya kuanika kitambaa, nionyeshe tena polepole: nyumbani nina mabinti wawili, na wale hawasikilizi hotuba.