Ombi la Kuhamishia Kituo cha Majani Chai Mteremkoni

Kituo Namba Tisa,
Njia ya Roret,
Tarehe 11 Juni.

Kwa Afisa wa Usafirishaji, Kiwandani.

Bwana Afisa Mheshimiwa,

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu jumbe nne za mwisho nilizokutumia kwa simu ulizijibu kwa picha ya kidole gumba, na kidole gumba hakijawahi kuwasha lori.

Mimi ni Noah Kipkemoi, mwalimu mstaafu na katibu wa kamati ya wakulima wa kituo hiki. Sikuandikii kulalamika kwamba lori linalochukua majani yetu haliwaki. Huko kungekuwa kukuvunjia heshima, maana ulisomea mambo ya magari hadi ukapewa ofisi yenye zulia. Naandika kuomba kituo chetu kiondolewe hapa bondeni kilipo, kipelekwe juu mteremkoni, ili lori lipate mahali pa kujibingirisha hadi liwake. Sababu zetu ni hizi.

1. Lori likizimwa hapa bondeni haliwaki tena. Likiachwa lingurume, linatetemeka, linatoa moshi mweupe, kisha linajizimia lenyewe karani akiwa bado anapima gunia la pili. Kwa hekima yako uliagiza dereva aegeshe juu, mita mia tatu kutoka kituoni, na sisi wakulima tupandishe magunia huko baada ya kupimwa. Tangu mwezi wa pili tunabeba. Tunabeba kwenye mvua, tunabeba kwenye matope, na majani yanayokawia yanapata moto ndani ya gunia, halafu kiwandani mnayakataa mkisema hatujui kuchuma. Bwana Afisa, nina hasira, na sioni haya kuiandika.

2. Umelitibu lori hili kwa bidii ya ajabu. Ulileta betri mpya, likagoma. Ukaleta betri mpya kuliko ile mpya. Ukabadilisha starta, ile mota inayoamsha injini. Ukabadilisha na dereva: Arasa, mtu mpole, ukamhamisha kwa kuwa ana mguu mzito, ukatuletea Gibson. Gibson mwenye mguu mwepesi alikwama pale pale. Mwezi wa tano ukatuandikia kwamba tatizo ni baridi ya huku kwetu, na kwamba injini ifunikwe blanketi kila lori linapoegeshwa. Imefunikwa. Leo hili ndilo lori pekee katika Bureti nzima linalolala vizuri kuliko wakulima wake, na bado asubuhi haliwaki.

3. Siku moja Gibson alimwita Nyatichi, yule mama ambaye ni fundi wa magari kule Chepilat. Hakuja na kompyuta wala koti jeupe. Alikuja na spana. Tulisukuma lori likawaka, naye akalegeza paipu ya dizeli ya silinda ya kwanza, injini ikayumba. Akaikaza, akalegeza ya pili, ikayumba. Ya nne vile vile. Lakini alipolegeza ya tatu, injini haikujua hata kama imeguswa, maana silinda hiyo haikuwa ikifanya kazi yoyote. Basi akaing'oa nozeli ya tatu, kile kidude kinachonyunyizia dizeli ndani ya silinda, akaiunga kwenye paipu yake hapo nje, akamwambia Gibson apige starta. Badala ya kutoa ukungu, ilidondosha matone. Hapo kila mfugaji aliyekuwepo akaelewa bila kufafanuliwa. Ng'ombe ana chuchu nne. Ukikamua moja ikatoa maziwa ya mabonge, unatibu chuchu hiyo. Humnunulii ng'ombe kengele mpya, humfukuzi mkamuaji, na blanketi unabaki nalo mwenyewe. Tulikueleza haya yote. Ukajibu kwamba Nyatichi hana karatasi yenye nembo, na kwamba maoni ya kiufundi yapitie ngazi zinazofaa.

4. Kwa hiyo tumesalimu amri na tunafuata akili yako. Ikiwa mteremko ndio unaowasha lori, basi mteremko ni mfanyakazi wa kiwanda. Haujachelewa kazini hata siku moja, haujaomba likizo, na kwa miezi minne umefanya kazi ya starta pamoja na ya afisa mzima wa usafirishaji. Tunaomba uajiriwe rasmi, upewe namba ya kazi na buti za mvua.

5. Kituo kikishahamishwa haitafaa kuishia hapo. Lori husimama pia penye mizani ya kiwanda, na mizani iko tambarare. Tunaomba kiwanda kiinuliwe upande mmoja, upande wowote utakaouchagua. Soko la Roret nalo ni tambarare, na ndiko Gibson anakula chakula cha mchana, kwa hiyo nalo lisogezwe. Kanisa letu tutaliinua wenyewe, kwa kuwa tumeshazoea kubeba. Na ikiwa vilima havitatosha, tunaomba uje uishi nasi, usimame nyuma ya lori kila siku saa tisa, usukume.

Natumaini utalipokea ombi hili kwa utulivu ule ule uliokuwezesha kulitazama lori likizima miezi yote hii bila kuuliza kuna nini ndani ya injini. Tafadhali nisalimie meneja, makarani wa mizani, na yule mlinzi wa lango ambaye hulisukuma bila kuombwa. Wasalimie pia mama na watoto nyumbani kwako. Hao hatuna neno nao.

Ni mimi nisiyechoka kubeba,

Mwalimu Noah Kipkemoi,
Katibu, kwa niaba ya wabebaji wote.

Nyongeza. Bwana Afisa, mimi ni Janeffer, mke wa mwalimu. Amenipa hii barua niende nayo kituoni nikipeleka majani, nimpe Gibson akuletee. Haikuwa imefungwa, nikaisoma hapa njiani. Lori lilitengenezwa wiki iliyopita, wakati ulikuwa likizo. Nyatichi aliweka nozeli ingine hapo kwa namba tatu, na siku hizi Gibson anazima injini hapa bondeni na anawasha mara moja, hakuna moshi. Pengine hata wewe hujaambiwa. Mwalimu hajui kwa sababu hajakanyaga kituo tangu mwezi wa pili. Anasema yeye ni mtu wa kalamu. Hayo mambo ya paipu na chuchu za ng'ombe nilimsimulia mimi nikipika. Sasa kila mahali penye ameandika sisi tunabeba, wewe soma Janeffer. Hicho kilima nimekipanda miezi minne na mgongo bado unaniuma. Tafadhali kituo kiache hapa hapa. Lakini usimwambie mwalimu lori limepona. Mjibu kwamba umekubali, ila kamati yote, ikianza na katibu, ije kwanza ibebe magunia kutoka bondeni hadi juu kwa wiki moja, ndiyo ionekane kama mahali panafaa. Akimaliza hiyo wiki, mwambie ukweli. Leo nimebeba kilo ishirini na mbili, na barua yake juu.