Mafundo Kumi na Mawili

Jumatatu, 3 Machi

Nimejitia kitanzi, tena kwa mkono wangu! Wakati wa chai mkuu wa ofisi aliuliza nani anajua mambo ya tanga. Jumamosi mashua yake ndogo itashindana ziwani na za idara nyingine, naye anataka makarani wawili wa kumsaidia. Kiti cha karani mwandamizi kiko wazi. Kila mtu alielewa anachouliza hasa.

Mhuri akasema amekulia kando ya maji. (Mhuri ni karani mwenzangu. Hugonga mhuri kama anayeua nyoka.) Nikasikia sauti ikitangaza kwamba yenyewe ni bingwa wa kupunguza tanga. Ilikuwa yangu.

Sijui kuogelea. Hata bafuni naoga nimeshika ukuta.

Jumanne, 4 Machi

Nimeazima kitabu. Jambo jepesi kwa msomi. Upepo ukizidi, unateremsha tanga kidogo, unakunja sehemu ya chini, unaifunga kwa vikamba kwenye boriti, ule mti unaolala chini ya tanga. Tanga likiwa dogo, upepo unakosa pa kushika.

Nimejizoeza kwa shuka la mama na mpini wa ufagio. Vikamba kumi na viwili. Nimetumia fundo langu la majalada, lile la mizunguko mitatu. Miaka miwili sasa, hakuna karatasi iliyowahi kunitoroka! Mama aliingia akauliza shuka lake limenikosea nini. Dada akamwambia aniache, huenda likakiri.

Kulifungua kulihitaji mkasi. Kidogo tu.

Alhamisi, 6 Machi

Hila. Nimemwekea Mhuri mezani picha ya mashua iliyopinduka, kusudi aingiwe na hofu ajitoe. Amenishukuru sana. Ameibandika ukutani, mbele ya meza yangu. Nimeitazama kutwa.

Jumamosi, 8 Machi

Siku yangu!

Ziwa lilitulia kama mafuta kwenye sahani. Kabla hatujaacha gati nilikuwa nimeshakunja tanga na kufunga mafundo yote kumi na mawili. Mkuu akauliza upepo wenyewe uko wapi. Nikamjibu kwamba kinga ni bora kuliko tiba. Mhuri akataka kujua kama nimebeba pia mwavuli wa mvua ya mwakani. Tukajikokota nyuma ya wenzetu kama mkia.

Kwenye boya la pili upepo ukaja. Ulikuja wote! Mashua mbili zikalala chali, watu wakaning'inia pembeni na majaketi yao ya kuokolea. Yetu ikapita katikati yao, wima kama askari wa gwaride. Mkuu akanipiga begani akasema hajapata kuona karani mwenye kuona mbali namna hii. Tukaongoza! Mhuri alikuwa akitapika. Nilimwangalia kwa huruma, lakini nilimwangalia.

Ningekuwa na busara ningeishia hapa kuandika.

Upepo ukapungua. Mkuu akaamuru tanga lifunguliwe lote. Mafundo yalikuwa yamelowa. Nikatumia kucha. Nikatumia meno. Mashua zikatupita moja moja. Kisha zikatupita na zile mbili zilizopinduka, zimekwisha kuinuliwa, watu wake wakikamua mashati na kutupungia mkono. Mkuu akaomba kisu, akakumbuka tanga ni jipya, akakirudisha. Mhuri, rangi ya majivu, akafungua mafundo kumi na moja kwa mpini wa kijiko. Mimi nilifungua moja. Mhuri anadai hilo alikuwa amekwisha kulilegeza.

Tukawa wa mwisho. Gatini mkuu alisema neno moja tu kwangu: nifunge nanga kwenye kamba yake, na tafadhali, fundo moja, jepesi. Nilitii barabara.

Jumatatu, 10 Machi

Kiti amepewa Mhuri.

Mkuu aliniita ofisini. Akasema kufunga najua, kufungua bado. Kwa hiyo kuanzia leo nisimamie chumba cha majalada ya zamani, yale ambayo hakuna anayetaka yafunguliwe. Peke yangu! Na ufunguo! Mhuri kapata kiti, mimi nimepata chumba kizima. Nilipompigia simu mama kumweleza, alisema hongera kwa sauti ya kutoa pole.

Wakati wa chai mkuu akatangaza kwamba nanga ya mashua yake imechomoka kwenye kamba na kuzama kando ya gati. Akauliza nani anajua kupiga mbizi. Swali lilikuwa halijaisha. Mkono wangu ulikuwa juu, umenyooka kuliko yote. Kwa kweli ulikuwa peke yake.

Jioni mama amenikuta nimezamisha uso kwenye beseni. Amelichukua, amelifungia kabatini.

Si neno. Ndoo ipo.