Projekta ya Hezi 240 na Mgongo wa Mama Mkwe

Jamani, nimeumbuka mchana kweupe. Tena mbele ya mama mkwe, ndani ya ghala lake mwenyewe, majirani wakishuhudia. Na bado nimeshinda! Nawaandikia nikiwa nimejificha nyuma ya zizi, nusu nina aibu, nusu natabasamu peke yangu. Someni taratibu.

Kwa wasionijua vizuri: mimi na shemeji yangu Shija, kaka wa mke wangu, tuna banda la gemu hapa Kahama. Runinga mbili, makochi yaliyochoka, na vijana wenye kelele kuliko mnada wa ng'ombe. Siku nyingi nimekuwa na ndoto ya picha kubwa ya ukuta mzima, ili Jumamosi vijana wakishuka kutoka machimboni wakute uwanja, siyo kidirisha. Basi muuza vifaa mmoja mjini akakubali kutuachia projekta tuijaribu. Ikitufaa kwa gemu tunabaki nayo. Isipotufaa, irudi dukani leo kabla hajafunga.

Shija hakuitaka tangu alipoliona boksi.

"Projekta ni ya harusi na mahubiri," alisema. "Ukiichezea gemu unabonyeza leo, mchezaji anapiga kesho."

"Hii ina hezi mia mbili na arobaini!" nikamwambia.

"Hezi ndiyo nini?"

"Picha inabadilika mara mia mbili na arobaini kwa sekunde moja!"

Mke wangu, Mama Kulwa, alikuwa anapita na ndoo ya maji. Akasimama. "Na wewe macho yako yanaziona zote?"

(Mtu mwenye hezi 240 habishani na mtu mwenye ndoo.)

Tukawekeana mkataba wa mdomo. Kwenye runinga mimi humfunga Shija kila tukikaa, hata yeye hakatai. Kwa hiyo nikimfunga na kwenye projekta, projekta inafaa, inabaki. Nikishindwa, inarudi. Nami nikaongeza sharti moja: hakuna kusimamisha mechi katikati. Shemeji yangu ana ugonjwa wa kusimamisha mechi ili anywe maji kila nikikaribia goli lake.

Mahali pa kujaribia palikuwa ghala la mpunga la mama mkwe, pale kwake pembezoni mwa mji. Lina giza zuri, na kwa sasa halina mpunga mwingi. Tena alikwisha sema kwamba mtambo ukifaa, na sisi tukiwa na adabu, atatuachia ghala liwe ukumbi wetu wa gemu. Unaona uzito wa jambo? Projekta na ukumbi, vyote kwa siku moja.

Lakini mama mkwe ni mama mkwe. Nilivyolelewa mimi Usukumani, mama wa mkeo humkodolei macho, humpazii sauti, wala humtumi kitu. Ukiwa na neno unampa mkeo alipeleke, hata kama wote watatu mpo mlango mmoja. Nimeishi hivyo tangu nioe na sijawahi kuteleza. Ndugu zangu hunitolea mfano.

Ukuta wa kumulikia niliupaka chokaa jana mwenyewe. Chokaa tupu huwa inaachia, ukiegemea unaondoka na mgongo mweupe, ndiyo maana watu huichanganya na chumvi ili ishike. Mimi nikaimwaga chumvi kwa moyo wa ukarimu. Nilitaka ishike mpaka wajukuu.

Leo nimefika, shikamoo mama nikiwa nimeinamisha kichwa, marahaba, nikaingia ndani. Tatizo la kwanza: magunia ya mpunga yalikuwa katikati kabisa, pale pale projekta ilipotakiwa kukaa. Nani angemwambia mama mkwe ahamishe magunia yake? Nikaiweka projekta pembeni, juu ya kigoda. Picha ikatoka imepinda kama mlango wa banda la kuku. Nikaingia kwenye menyu, nikaona sehemu ya kunyoosha picha, nikainyoosha. Ikakaa sawa ukuta mzima. Uwanja wa kijani, mkubwa, unang'aa! Majirani wakaanza kuchungulia. Nikasimama mbele yao kama mwenye mgodi.

Mechi ya kwanza ikaanza.

Nabonyeza pasi, mchezaji anatafakari. Nabonyeza shuti, anamsubiri beki aje kwanza. Kipa wangu alikuwa anaruka mpira ukiwa umeshatulia wavuni, kwa heshima tu. Shija, ambaye hucheza polepole kama anachambua maharage, hakuhisi chochote. Akanifunga nne bila. Nne! Mimi!

"Mia mbili na arobaini," akasema taratibu, akiweka pedi yake ya kuchezea chini. "Naenda kutafuta boksi lake."

Nikamwomba dakika chache, nikatoka nje na simu yangu, nikaanza kusoma habari za projekta na gemu (jambo nililopaswa kulifanya kabla ya kujigamba, najua). Ndipo nilipoelewa ujinga wangu. Hezi ni mara ngapi picha inabadilika. Lakini kuna jambo la pili ambalo halikuandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi: ni muda gani unapita tangu ubonyeze mpaka uone ukutani. Picha inaweza kubadilika haraka sana na bado ikakuletea habari za zamani. Na ile kazi ya kunyoosha picha iliyopinda ndiyo iliyokuwa inaichelewesha, maana projekta inabidi ikunje kila picha upya kabla ya kuitoa. Juu ya hayo, nilikuwa nimeiacha kwenye mpangilio wa sinema badala ya ule wa gemu.

Dawa ilikuwa rahisi. Kuzima kunyoosha, kuweka mpangilio wa gemu, na projekta ikae katikati kabisa, ikitazamana na ukuta. Yaani, magunia yahame.

Mama mkwe alikuwa amekaa mlangoni pa ghala, anapeta mchele. Mama Kulwa alikuwa amekaa kando yake. Nikapiga magoti hatua chache kutoka hapo, macho chini.

"Mama Kulwa, mwombe mama, kama haitamuudhi, magunia yasogee kidogo."

"Mama, Baba Kulwa anaomba magunia yasogee."

"Nimesikia," mama akasema bila kuacha kupeta. "Mwambie magunia hayana miguu. Ayabebe."

Niliyabeba yote mwenyewe, Shija akiangalia. Nikaiweka projekta katikati. Nikazima nilichozima, nikawasha nilichowasha. Nikabonyeza shuti la kujaribu.

Mpira ukaondoka hapo hapo! Kidole na mguu, kitu kimoja! Nilipiga kelele hadi kuku wakatoka mbio. Shija naye akajaribu, akajaribu tena, akanitazama kwa jicho la mtu aliyeona boksi lake la kurudishia linachukuliwa na upepo.

"Mechi ya pili ndiyo ya mwisho," akasema.

Hapo ghala lilikuwa limejaa majirani. Nikapata bao la kwanza, akarudisha. Nikapata la pili. Raha iliyoje! Ndipo mlango ukafunikwa na kitu kikubwa, na ng'ombe wa mama mkwe akaingia. Wanamwita Mkaguzi, kwa sababu haoni mlango akaupita bila kuingia. Akapita katikati ya watu bila samahani, akaenda moja kwa moja ukutani, akaanza kulamba uwanja.

"Anakula nyasi!" jirani mmoja akapiga kelele.

"Picha ni nzuri mpaka ng'ombe kadanganyika!" akasema mwingine.

Nyasi wapi! Alikuwa anafuata chumvi yangu. Analamba kwa ulimi mrefu, kutoka katikati ya uwanja kuelekea golini kwangu, na mimi sioni mabeki wangu wako wapi. Kusimamisha mechi hakuruhusiwi, sharti langu mwenyewe! Shija akapenya kwenye mbavu za ng'ombe akasawazisha. Mbili mbili. Mama Kulwa akamkamata Mkaguzi pembe, akamtoa nje akimsema.

Zimebaki sekunde chache. Napata mpira, nampita beki wa kwanza, wa pili, nimebaki na kipa. Na hapo hapo kivuli kikubwa kinapanda ukutani, kinene, kimeziba goli lote.

Mkaguzi karudi!

Sikuinua macho kutazama vizuri. Nilikazia mpira tu, mdomo ukaenda wenyewe.

"Toka hapo, mlafi wewe! Ondoa hilo tumbo! Umezeeka na bado huna adabu? Wiki hii nakupeleka mnadani, na sitapunguza bei!"

Nikapiga shuti. Mpira ukapita kushoto kwa kipa, ukaingia. Goooo! Nikaruka, nikatupa pedi, nikazunguka na mikono juu nikisubiri kubebwa.

Hakuna aliyenibeba. Hata Shija alikuwa ameziba mdomo kwa mikono yote miwili.

Nikageuka ukutani. Kile kivuli kilikuwa na kanga. Kilikuwa na ungo mkononi. Alikuwa ameingia kutazama ukuta wake umelambwa kiasi gani, na wavu wa goli ulikuwa bado unatikisika mgongoni mwake.

"Mama Kulwa," mama mkwe akasema, bila kunitazama. "Mwulize mumeo. Mnadani atanipeleka kwa kamba au nitatembea mwenyewe?"

Niliomba ardhi ipasuke. Haikupasuka. Nikapiga magoti pale pale kwenye mavi ya Mkaguzi (ndiyo, alikuwa ameacha zawadi), uso chini.

"Mama Kulwa... mwambie mama... nilidhani ni ng'ombe."

Mke wangu akanitazama kwa huruma. Kisha akafikisha ujumbe kama ulivyo, neno kwa neno.

"Anasema alidhani wewe ni ng'ombe."

"Nimesikia."

Hapo watu walianguka. Jirani mmoja alilala juu ya gunia akapiga teke hewani. Shija alicheka mpaka akakohoa, kisha akakumbuka maslahi yake, akafuta machozi.

"Bao hilo halihesabiki," akasema. "Goli lilikuwa limezibwa."

Mama mkwe akamgeukia. Huyo ni mwanawe, anaweza kumtazama atakavyo. "Lilizibwa na nani?"

"Na... na wewe, mama."

"Kwa hiyo nimekuharibia mechi?"

"Hapana, mama."

"Bao limeingia au halikuingia?"

"Liliingia, lakini..."

"Limeingia. Nimeliona mwenyewe, limenipita kwenye kanga. Kwanza, ng'wanawane, mwanangu, uliweza kumfunga huyu kitu kikichelewa tu. Kilipopona, umefungwa." Kisha akamgeukia mke wangu, sauti ileile. "Mwambie mumeo mtambo ubaki. Na ghala achukue. Ila ukuta ataupaka upya bila chumvi, na mbuzi wa kuniomba radhi alete mnene, maana nasikia mimi ni mlafi."

Nilishangilia kwa ndani tu, kwa sababu nilikuwa bado nimepiga magoti pale nilipopiga. Tumempigia simu muuza vifaa, tumemwambia hataiona tena dukani. Shija mwenyewe ndiye anayehamisha makochi sasa hivi, na amekiri kwa mdomo wake kwamba projekta inafaa, mradi ikae katikati.

Jumamosi karibuni wote, ukumbi mpya unafunguliwa. Kucheka ruhusa, lakini nje ya geti. Ndani anakaa mwenye ghala, na nimeshamwahidi kwamba atakayecheka, yeye ndiye atakayemsaidia Mkaguzi kumalizia kuulamba ukuta.