Michongoma ya Chuo Kikuu

Jumatatu, 4 Machi
Chuo kikuu cha serikali kimetangaza kazi. Mtunza bustani! Bima ya afya, likizo yenye malipo, na hili ndilo lililonikalisha kitako: mfanyakazi akisoma hapo halipi ada, wala mtoto anayemlea. Mpwa wangu kachaguliwa pale, masomo ya jioni, na ada hatuna. Nimemlea tangu dada yangu alipofariki. Nikamwambia ajiandae, mjomba wake kazi kishaipata. Akauliza kama nimeshaomba. Watoto wa siku hizi!

Mke wangu kacheka hadi kashika ukuta. Eti hata ua la kwenye kopo lilinifia. Lile lilikuwa na kiburi.

Jumatano, 6 Machi
Maombi yamekwenda. Elimu: "ya kutosha". Uzoefu: nimetunza msitu mzima, tembo wakinipisha njia. Tembo mmoja nimemwona kweli. Kwenye kalenda.

Mpwa wangu naye alikuwa akiandika kitu. Kasema ni mambo yake. Sikumbughudhi.

Jumanne, 12 Machi
Usaili. Miwani nimeiacha nyumbani, inanizeesha. Nageuka kwenye foleni, namwona mpwa wangu, kakunja mikono ya shati. Kumbe naye kaomba! Nikamnong'oneza aniangalie mimi, ajifunze.

Bibi msimamizi akatugawia mikasi, kila mtu na kipande chake cha michongoma, tuisawazishe. Nikapunguza kushoto, kulia kukawa juu. Nikapunguza kulia, kushoto kukawa juu. Nilipoinua kichwa, michongoma ilikuwa chini ya magoti, na nyuma yake mhasibu wa chuo yuko dirishani mwa ofisi yake na kikombe cha chai, ananitazama. Nikamsalimia. Msimamizi akauliza kama msituni kwangu ndivyo tulivyokata. Nikamjibu tembo walipenda mwanga.

Kipande cha mpwa wangu kilinyooka kama meza.

Tulirudi nyumbani pamoja. Njiani akasema, pole, Mjomba. Nikamwambia nimemwachia nafasi. Akasema ahsante. Hakucheka. Afadhali angecheka.

Jumatatu, 18 Machi
Kapata! Mchana mkasi, jioni masomo, ada hakuna. Kwenye bima wamemuuliza mzazi wake nani, kanitaja mimi. Wakamwambia, lakini huyu si mjomba? Akasema huyo huyo, mwandikeni.

Nimekaa uani peke yangu kitambo. Vumbi limeniingia machoni. Mke wangu anasema leo hakuna upepo. Nimemwambia yeye alikuwa ndani, atajuaje.

Jumatano, 20 Machi
Nimewaeleza majirani nilivyomwingiza mpwa wangu chuoni: nilikata vibaya makusudi, ang'are yeye. Kinyozi kaamini. Mke wangu kakohoa.

Halafu, kumbe kuna tangazo jingine! Wanatafuta mkuu wa chuo. Elimu nitaandika "ya kutosha sana". Miwani naiacha tena. Marupurupu yake si mchezo: nyumba, gari, dereva na mtunza bustani.

Mtunza bustani tayari ninaye.